Mto Hauna Chama

Ukitaka kujua historia ya siasa ya kata yetu usiende ofisini. Nenda kaangalie kamba ya nguo ya mama mkubwa Bibiana. Pale zimeanikwa fulana za wagombea wote waliowahi kupita huku tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kuna mmoja uso umepauka, yamebaki masharubu tu. Kuna mwingine anatabasamu huku kidevu kimeliwa na panya. Mama mkubwa huwavaa akienda kupalilia mahindi, na asubuhi za baridi huwavaa wawili wawili, hata kama enzi za uhai wao wa kisiasa walikuwa hawasalimiani. Hao wote yeye ndiye aliyewapigia debe, akawaimbia, akawapikia, akawatafutia kura nyumba kwa nyumba. Fulana yenye uso wake yeye haipo. Hilo ndilo linaloniudhi, na nalisema mapema ili mtu asije akanishika shati mbele ya safari kwamba nimeandika kwa hasira. Ndiyo, nimeandika kwa hasira.

Mimi naitwa Upendo. Nina genge la chakula Mikumi, pale yanapoegeshwa malori ya Tunduma, na Bibiana ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Kata yake siitaji. Iko jirani na Zombo, ukitoka Mikumi kuelekea Kilosa, na wenyeji wakisoma hapa watajua wenyewe. Kitongoji chetu kinaitwa Ng'ambo kwa sababu kiko ng'ambo ya mto Ludeta. Zahanati, shule, mashine ya kusaga na barabara inayopitika kwa bodaboda viko upande wa pili. Kiangazi Ludeta ni mto wa kudharauliwa, kuku anavuka. Masika unashuka na magogo kutoka milimani, na sisi wa Ng'ambo tunakaa kama wafungwa, tunaangalia zahanati kwa macho.

Mume wake, baba mkubwa Yohana, alikuwa na ngiri. Ugonjwa wa wanaume wengi huku, wanaufunga na kitambaa na kuendelea kulima. Masika moja ile ngiri ikabana. Watu wakamweka kwenye machela ya matawi mpaka ukingoni, na mto umejaa. Wakakaa naye pale usiku na mchana wakingoja maji yapungue, yeye akiuma shuka, na upande wa pili gari la mtu mwema likiwa limewashwa taa kumsubiri apelekwe Kilosa kupasuliwa. Maji yakapungua kesho yake mchana. Yohana alikuwa amekwisha kukata roho asubuhi. Mama mkubwa hakumlaumu Mungu wala mto. Alisema tu, "Hapa panataka daraja," akafuta uso, akaanza siasa.

Alianza kwa ubalozi wa nyumba kumi, akapanda kuwa mwenyekiti wa wanawake wa tawi, na akaishia hapohapo. Lakini ndani ya cheo hicho kidogo alikuwa mtambo. Alijua mzee gani hapigi kura mpaka afuatwe na baiskeli, na nyumba gani mume na mke wamenuniana hivyo lazima waendewe mmoja mmoja. Alikuwa na sauti inayofika kituo cha treni bila kipaza sauti, na nyimbo za hamasa alizitunga mwenyewe akiwa shambani. Kila mgombea aliyekuja kumwomba alimpa sharti lile lile, daraja la Ludeta. Kila mgombea akasema, "Mama, hilo limekwisha." Ahadi ni deni, wanasema. Mimi naona huku kwetu ahadi ni kanga tu. Unapewa, unajifunga, inachakaa.

Nilikuwa namwambia, "Mama mkubwa, hawa watu wanakutumia."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu mimi pia nawatumia, mwanangu. Ila bado hawajatumika."

Uchaguzi uliopita, hatimaye, akachoka kuwatumia wengine. Akachukua fomu ya udiwani yeye mwenyewe. Nilifunga genge siku tatu nikaenda kumsaidia, mimi ambaye nikifunga hata asubuhi moja madereva wananitukana. Sijawahi kumwona vile. Alitunga wimbo wake, wa kwanza wa kwake mwenyewe, akawa anaufanyia mazoezi akisonga ugali. Nauandika hapa kwa sababu utahitajika mbele:

*Mto hauna chama, mto hauna chama,*
*Ukijaa umejaa, kwako na kwangu.*
*Nivushe nikuvushe, mto hauna chama,*
*Leo ni mzigo wangu, kesho ni wako.*

Alisema ataimba siku ya kampeni rasmi, siyo kabla. Kura za maoni hazina nyimbo.

Wajumbe walipigia kura kwenye darasa la shule ya msingi. Wagombea walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Herman. Herman mnamjua, au mnamjua mwenzake, maana kila kata ina wa kwake. Ana nyumba ya wageni Mikumi, ana malori yanayobeba miwa huko Ruhembe, na ana namna ya kukushika bega anapoongea utadhani anataka kukununua. Kwao ni Ng'ambo, upande wa mama yake, bibi Hildegarda. Ila Herman alihama zamani, na mama yake pia akamhamishia Mikumi kwenye nyumba ya vigae. Kitu kimoja zaidi kuhusu Herman, na hiki mkishike vizuri: ukoo wao na ukoo wetu ni watani.

Kura zikahesabiwa kwa sauti, mwalimu akichora vijiti ubaoni. Vijiti vya Bibiana vikajaa mstari, vikashuka mstari wa pili. Vya Herman vilikuwa vya kuhesabika kwa mkono mmoja na nusu ya mwingine. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wa mwalimu wakakata kamba. Wajumbe si watu, ndiyo msemo, lakini siku ile walikuwa watu kabisa.

Kisha majina yakapelekwa juu. Sijui juu ni wapi. Nimewahi kuuliza na sijawahi kujibiwa zaidi ya kunyooshewa kidole hewani. Wiki kadhaa baadaye tukaitwa ofisi ya tawi, katibu wa kata, Godfrey, akasoma jina lililorudi. Lilikuwa la Herman. Godfrey alisoma akiangalia dari, na ile ofisi haina dari, ina mabati.

"Vikao vimeamua," akasema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama yangu."

"Kushindwa gani?" nikapayuka. "Si kashinda!"

Mama mkubwa akanishika mkono akanitoa nje.  Tukatembea mpaka mtoni. Pale akavua kandambili, akavuka, akageuka akaniambia, "Ule wimbo wangu sitauimba tena."

Mngedhani mambo yameishia hapo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Haikupita muda Godfrey akaja nyumbani na kilo mbili za sukari na kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Godi. Karibu kiti."

"Mama, tunakuomba kwenye uzinduzi wa kampeni. Bila sauti yako uwanja utapoa. Mgombea mwenyewe kasema, mtani wangu Bibiana asikose."

Nilitegemea amtoe mbio na mwiko. Badala yake akapokea sukari, akakunja kitenge vizuri, akasema atakuja. Godfrey alipoondoka nilimrukia kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Akaniacha nimalize.

"Upendo, kasema mtani wake asikose. Basi nitakwenda kama mtani."

Hapo nikaelewa, na nikaona ana akili kuliko mimi. Huku kwetu mtani anasema lolote. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, akaketi kwenye kiti chako, akala chakula chako, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa, unatozwa faini. Kwa hiyo lile ambalo hakuna mjumbe, wala katibu, wala mwalimu angethubutu kulisema kwenye kipaza sauti, yeye angelisema, na hakuna ambaye angemshusha jukwaani.

Siku ya uzinduzi uwanja wa mnada ulifurika. Mama mkubwa alipanda jukwaani na kile kitenge, akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika shingo ya kuku.

"Mnamwona huyu Herman?" akaanza. "Alipokuwa mtoto mama yake alimpa kazi ya kufukuza ndege kwenye mtama. Akalala. Ndege wakala mtama, walipomaliza wakamla na nywele!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Herman akavua kofia akajipapasa upara, naye akicheka.

"Huyu hamkumchagua," akaendelea. "Mlinichagua mimi. Vijiti vyangu vilijaa ubao. Wakaenda huko juu wakavifuta. Kiti hiki amekidandia kama kupe kwenye sikio la ng'ombe!"

Wakacheka zaidi. Wanaume wakashikana mabega.

"Na daraja hatajenga! Mume wangu alikufa pale mtoni, mnajua wote. Huyu atakula miaka mitano, ataondoka, na ninyi mtavuka na maji kiunoni!"

Wakacheka. Nawaapia, wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga, na mwanamke huyo mwaka uliotangulia alijifungulia ukingoni mwa Ludeta juu ya kanga ileile.

 Mama mkubwa akatazama uwanja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Leo sitanii."

Basi hapo ndipo walipolala chini. Mtani kusema hatanii! Herman akamkumbatia, akasema kwenye kipaza sauti, "Mtani wangu huyu ataniua jamani," muziki ukafunguliwa, na mambo yakaisha. Ukweli wote aliusema, neno kwa neno, mbele ya kata nzima. Uliingia masikioni ukatokea mdomoni kama kicheko.

Jioni ile alikuja Mikumi kwangu. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi vyangu vya chipsi bila kuombwa. Alimenya muda mrefu.

"Wamecheka, Upendo," akasema.

 Nilikuwa na uchungu ambao hata leo nikiukumbuka mafuta yanaungua jikoni.

Herman akapita, akawa Mheshimiwa Diwani. Akawa anasimama kwangu akipita, anaagiza supu, na mimi kwa kuwa biashara haina kinyongo namwuzia. Nilikuwa namwuliza, "Mheshimiwa, daraja?" Anajibu, "Mchakato unaendelea." Siku nyingine nikiuliza, "Mchakato umefika wapi?" anasema, "Umefika pazuri." Ningekuwa na uwezo ningefuta hilo neno mchakato kwenye lugha yetu. Ni shimo, unatupia swali husikii hata likigonga chini.

Masika ya nne ya udiwani wake bibi Hildegarda akafariki. Alikuwa ameacha neno kwamba hazikwi Mikumi. Arudishwe Ng'ambo, alale na wajomba zake. Kwa hiyo msafara ukatoka Mikumi, lori la miwa limeoshwa na kubeba jeneza, magari madogo nyuma, mpaka ukingoni mwa Ludeta ambapo lazima kila mtu ashuke. Mto haukuwa umejaa kabisa, ulikuwa wa kufika mapajani, wenye rangi ya chai ya maziwa. Herman alishuka na suti nyeusi, miwani ya jua na viatu vyenye ncha.

Katikati ya njia inayoshuka majini, mama mkubwa alikuwa ameketi kitako, miguu kainyosha. Amevaa fulana ya kampeni ya Herman, ule uso unatabasamu, na kichwani kajitwika sufuria. Nyuma yake wameketi wanawake wa ukoo wetu, nami nikaenda nikaketi nao.

Watu wakaanza kucheka kidogo, kicheko kile cha msibani. Hakuna aliyeshangaa. Mtani kazi yake msibani ni hiyo. Anavaa nguo za marehemu, anaingia kaburini analala, anazuia maiti njiani mpaka apewe kitu. Bila hivyo msiba unakuwa mzito mno, na wafiwa wenyewe wangeona wamedharauliwa.

"Huyu bibi hapiti," mama mkubwa akasema.

Herman akatoa noti, naye akicheka. "Shikamoo mtani. Pokea, utupishe, jua linakwenda."

"Marahaba. Rudisha mfukoni, itakufaa kwenye kampeni. Mimi nataka daraja."

Wakacheka. Herman akaongeza noti ya pili. Mama mkubwa hakuinyooshea mkono. Akaongeza ya tatu, na kicheko kikaanza kupungua, maana mtani hukataa mara moja au mbili kwa madaha, kisha hupokea. Huyu hakupokea. Waliobeba jeneza wakaanza kubadilishana mabega.

"Mtani," Herman akasema akiinama, "haya si mambo ya kuongelea hapa."

"Tuyaongelee wapi? Ofisini niliyasema mkanipa sukari. Uwanjani niliyasema mkacheka. Sasa cheka. Mama yako amerudi kwao, na njia ya kwao ndiyo hii. Mwulize kama ana haraka."

Hakuna aliyecheka tena. Katekista Ditram akasogea na kitabu chake cha ibada, akasema kwa upole kwamba marehemu anasubiri sala.

"Katekista, sala sijaizuia," mama mkubwa akajibu. "Sali tu. Nimezuia jeneza."

Herman akawageukia vijana wake wa malori, na niliona wazi amefikiria wanyanyue huyu mwanamke wamweke pembeni. Lakini kaka wa marehemu, mzee Thadeo, mjomba wake Herman na mkubwa wa ukoo wao, akapiga fimbo chini.

"Mpwa wangu, mtani hasukumwi. Ukimsukuma, mimi na dada yangu tunarudi Mikumi, na utamzika kwenye uwanja wa nyumba yako ya wageni. Mjibu."

Herman akavua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na bega la mtu la kushika. Akaja mpaka kwenye jeneza, akaweka mkono juu yake, akasema daraja litajengwa kabla ya masika mengine.

"Na lisipojengwa?" mama mkubwa akauliza.

Herman akageuka akaangalia maji. 

"Basi nakusaidia kujibu," akasema. "Lisipojengwa, kila maiti wa ukoo wenu atanikuta hapa. Na sitapisha mpaka uje umbebe wewe. Vua viatu."

Akavua. Akakunja suruali ya suti, akachukua kona ya mbele ya mama yake. Sasa kuvuka Ludeta na jeneza kuna utaratibu wake. Mawe ya chini yanateleza na hamwezi kuangalia miguu, kwa hiyo mmoja anasimama ukingoni anaimba, wabebaji wanaitikia, na kila kiitikio ni hatua moja. Mama mkubwa akaanzisha wimbo wa zamani wa maziko. Wabebaji wakaitikia, wakakanyaga. Herman hakuitikia, sijui kwa aibu au kwa kusahau kwao, akakanyaga nje ya wenzake, na jeneza likainama upande wa maji. Watu wakashika vichwa.

"Itikia!" mzee Thadeo akamfokea. Akaitikia, wakavuka.

Nilirudi Mikumi nikiwa na furaha ya kijinga. Kiangazi, kweli, mafundi wakaja. Wakamwaga nguzo ya zege ukingo wa huku, wakamwaga nyingine ukingo wa kule, wakasimika na bango lenye jina la Mheshimiwa Diwani kwa herufi kubwa za buluu. Mafundi wakaondoka kwenda kula sikukuu. Hawajarudi mpaka leo. Mbuzi wanapumzika kwenye kivuli cha nguzo, watoto wamechora magoli juu yake. Nilimwuliza Herman akinywa supu yangu. Akasema fungu limekwisha, mchakato wa fungu lingine unaendelea. Nikamwekea pilipili ambayo hakuiagiza.

Nilikwenda Ng'ambo nikiwa nimefura. "Mama mkubwa, wametucheza tena. Nguzo mbili! Mtu anavukaje kwa nguzo mbili?"

Alikuwa anafua. Akaikamua ile fulana ya Herman, akaitundika kambani kati ya yule wa masharubu na yule wa kidevu kilicholiwa.

"Hawavuki," akasema. "Lakini ukoo wao ni mkubwa."

"Kwa hiyo unangoja watu wafe?"

"Mimi singoji, Upendo. Watu wanakufa. Mume wangu alikufa nikiwa sijui pa kukaa. Sasa najua."

Niliona ni maneno ya mtu aliyekata tamaa, na nilirudi nikimlilia njia nzima nyuma ya bodaboda. Yule ambaye ubao mzima ulimchagua, sasa ofisi yake ni kukaa kwenye matope.

Masika haya amefariki mzee Thadeo mwenyewe. Alikuwa amelazwa Kilosa, akarudishwa akiwa ameshakwenda. Nilifika mtoni asubuhi. Mama mkubwa alikuwa ameshaketi mahali pake, fulana ileile, sufuria ileile kichwani. Jeneza likaja, likatua juu ya viti viwili. Mtu mmoja akauliza Diwani yuko wapi. Akajibiwa ana kikao Kilosa, ametuma rambirambi.

  Wanawake wa ukoo wa Herman, dada zake na binamu zake wenyewe, ndio waliotoa simu.

"Kaka, mjomba yuko hapa mtoni hajavuka. Mtani wako amekaa," mmoja akasema, na simu alikuwa ameiweka sauti ya nje. "Hapana, hatumwombi apishe. Uliahidi juu ya jeneza la mama, wote tulikuwepo. Na mwaka huu hii kata ina kura za maoni tena, kaka, usisahau sisi ni wajumbe."

Tukangoja. Mvua ikapita, watu wakajikinga na majani ya migomba, wakafunika jeneza kwa turubai. Ilinichoma. Mzee aliyetusimamia siku ile sasa analoweshwa na ahadi ya mpwa wake. Nikamtazama mama mkubwa na nikaona machozi yanatelemka, hayafuti, na bado amekaa.

Jua likiwa limeinama Herman akatokea kwa miguu, bodaboda iliyombeba nayo imekwama. Gari lake lilikuwa limezama kwenye tope huko nyuma. Hakuwa na miwani. Alipita kando ya bango lenye jina lake bila kulitazama, akafika kwa mama mkubwa, akasema, "Shikamoo mtani."

"Marahaba."

Akavua viatu kabla hajaambiwa. Akafunga kamba zake pamoja, akavitundika shingoni, akashika kona ya mbele. Mama mkubwa akainuka taratibu, magoti yakalia, akapisha.

Akasimama ukingoni kwenye nguzo ya zege, akashusha pumzi. Nilitegemea wimbo wa maziko. Akaanza ule mwingine, ule aliosema hatauimba tena, kwa sauti ileile inayofika kituo cha treni.

"Mto hauna chama!"

Wanawake wakaushika papo hapo, maana nilikuwa nimewafundisha mimi miaka ile, jikoni. Wabebaji wakaingia majini. Maji yalikuwa juu ya kiuno. Herman aligeuza kichwa akamtazama, akajua anaimbishwa nini. Kisha jiwe likamteleza chini ya mguu, jeneza likayumba, na akafungua mdomo akaitikia pamoja na wengine, hatua kwa hatua, mpaka ng'ambo.